Kananga: Shule ya Maofisa, Kama Inavyotazamwa Kutoka Pinga

Pinga iko mpakani mwa Masisi na Walikale, pale barabara inayotoka Mweso na Kalembe inapoanza kumezwa na msitu. Kwa miaka thelathini watu wake wamewatii makanali na majenerali wa kila aina: wa serikali na wa makundi yenye silaha ya NDC, APCLS na Nyatura. Vyeo vyao vilitajwa kwa heshima ileile, kwa sababu bunduki ilikuwa nyuma ya kila cheo. Swali ambalo mwananchi hakuthubutu kumuuliza yeyote kati yao ni hili: cheo hicho ulikipatia wapi?

Kwa jeshi la nchi kavu la Kongo, jibu lililostahili kutolewa ni jina la mji mmoja tu, Kananga, huko Kasai ya Kati. Ndiko iliko Akademia ya Kijeshi, shule ambayo wazee wa enzi ya Zaire waliijua kwa herufi tatu, EFO, yaani shule ya kufundishia maofisa. Naiandikia historia yake kutoka mbali, kutoka mahali ambapo wahitimu wake wamefika kwa uhaba na walioruka uzio wake wamefika kwa wingi. Naamini hapa ndipo thamani yake inapoonekana vizuri zaidi kuliko kwenye uwanja wake wa gwaride.

Mji wenyewe ulizaliwa na mambo ya kijeshi. Mjerumani Hermann von Wissmann alianzisha kituo chake kando ya mto Lulua mwaka 1884, na Wabelgiji wakauita Luluabourg. Jeshi la kikoloni, Force Publique, liliundwa na Mfalme Leopold II kati ya 1885 na 1886. Maofisa wake walikuwa Wabelgiji, Waitaliano na watu wa Skandinavia, na askari wake wa kwanza wengi waliletwa kutoka Zanzibar na Afrika Magharibi kabla Wakongo wenyewe hawajaanza kukamatwa na kuandikishwa. Julai 1895 askari wa Kitetela walioko Luluabourg waliasi na kumuua mkuu wao, Kapteni Pelzer. Walikuwa na kisa: miaka miwili nyuma kiongozi wao, Gongo Lutete, alikuwa amehukumiwa na kuuawa na maofisa wa Kizungu. Februari 1944, katikati ya vita kuu, kambi ya mji huohuo iliasi tena. Kwa hiyo tangu mwanzo Luluabourg ulikuwa mji ambao askari mweusi na ofisa mweupe walitazamana kwa mashaka.

Askari huyo mweusi alipigana vizuri. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Kongo chini ya Jenerali Tombeur yaliingia Tabora, na wapagazi wengi wa Kivu walikuwa wamebeba mizigo ya safari hiyo vichwani mwao. Julai 1941 walimshinda Mwitaliano huko Saïo, Ethiopia. Lakini aliyerudi na nishani kutoka Tabora au Saïo alirudi kwenye dari ileile. Cheo cha juu kabisa kwa Mkongo kilikuwa sajenti-meja wa kwanza, na ni mwishoni kabisa mwa ukoloni, uhuru ukiwa mlangoni, ndipo wachache walipopandishwa kuwa maadjudanti. Luluabourg kulikuwa na shule ya kijeshi, ndiyo, ile Shule Kuu ya Force Publique, nayo ilitoa makarani, wahasibu na wapiga chapa. Kijana mmoja kutoka Equateur, Joseph-Désiré Mobutu, alipita hapo miaka ya 1950 na kutoka akiwa karani wa jeshi. Shule ilimfundisha Mwafrika kuandika amri ya ofisa kwa taipureta. Haikumfundisha kuitoa.

Ndiyo maana tarehe 30 Juni 1960 nchi ilipata uhuru ikiwa na askari wapatao 24,000, maofisa wa Kizungu karibu 1,000, na ofisa Mkongo hata mmoja hakuwepo. Vijana wachache tu walikuwa wamepokelewa katika Shule ya Kifalme ya Kijeshi mjini Brussels, na hao walikuwa bado wanafunzi. Mkuu wa jeshi, Jenerali Émile Janssens, aliona hakuna la kubadilisha. Siku tano baada ya uhuru aliwakusanya askari katika Kambi Léopold II na kuandika ubaoni kwamba kabla ya uhuru ni sawa na baada ya uhuru. Jioni hiyo kambi zikaanza kuasi, Thysville ikiwa mbele, na moto ukasambaa nchi nzima.

Lililofuata lilifanyika kwa siku chache, na naona ndilo lililoamua maisha ya jeshi letu hadi leo. Waziri Mkuu Lumumba alimpandisha kila askari daraja moja. Tarehe 8 Julai serikali iliamua jeshi liitwe Jeshi la Taifa la Kongo. Victor Lundula, aliyekuwa sajenti-meja wakati wa vita kuu, akawa jenerali na mkuu wa jeshi, naye Mobutu akawa kanali na mnadhimu wake. Kambini askari walichagua maofisa wao wenyewe. Mtu aliyelala sajenti aliamka meja. Simlaumu Lumumba kwa hilo. Nyumba ilikuwa inaungua na ukoloni haukumwachia ndoo wala maji. Lakini kuanzia wiki ile Kongo ilijifunza somo baya, kwamba uofisa unaweza kutolewa kwa tangazo ili kutuliza bunduki. Somo hilo limerudiwa kila baada ya vita, na mara nyingi limerudiwa hapa Kivu.

Kuna jirani aliyekutana na jambo hilohilo akachukua njia nyingine. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Walidai mshahara na walidai maofisa wa Kiafrika, madai yaleyale ya Thysville. Rais Nyerere, baada ya aibu ya kuwaita Waingereza kuzima maasi, alilivunja jeshi lote. Kikosi cha Nigeria kililinda nchi kwa miezi kadhaa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaanzishwa jeshi jipya, JWTZ, likiwa na watu wapya. Kisha ikaja shule: ilianza Mgulani mwaka 1969 na kuhamia Monduli, chini ya mlima, mwaka 1976. Tangu hapo kijana wa Kitanzania anayetaka kamisheni huipata kwa kupita kwenye mafunzo, na Rais ndiye humtunuku. Monduli ilifundisha hata wapigania uhuru na maofisa wa nchi jirani. Watu wa Kivu ya Kaskazini waliwaona wahitimu wake mwaka 2013, Tanzania ilipotuma kikosi katika brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Jenerali James Mwakibolwa, Mtanzania. Meja Khatibu Mshindo alifia karibu na Goma mwezi Agosti mwaka huo, katika vita vya kuwaondoa waasi wa M23. Nchi maskini, iliyotawaliwa na wakoloni kama sisi, iliweza.

Kongo nayo ilijaribu. Baada ya Jenerali Kettani wa Morocco kusaidia mwanzoni chini ya Umoja wa Mataifa, misaada iligawanywa: Wabelgiji walichukua mafunzo ya maofisa na ushauri katika makao makuu, Waitaliano jeshi la anga, Waisraeli askari wa miavuli, Wamarekani vifaa. Wakati mipango ikiandikwa, waasi wa Simba walikuwa tayari wameiteka nusu ya nchi, na Agosti 1964 Bukavu uliokolewa na Kanali Léonard Mulamba, mwana wa Luluabourg aliyetoka katika safu za Force Publique. Watu wa Bukavu walimkumbuka kwa miaka mingi kama mkuu aliyesimama na askari wake mjini badala ya kukimbia. Mwaka 1966 mji wake wa kuzaliwa ulibadilishwa jina ukawa Kananga, na shule ya maofisa iliyojengeka hapo ikawa mahali ambapo kijana mwenye diploma ya serikali angeweza kuingia raia na kutoka luteni usu, pasipo kupanda ndege kwenda Ulaya.

Hizo ndizo siku za EFO ambazo maofisa wazee huzitaja wakikaa kitako. Kulikuwa na wakufunzi wa Kibelgiji, kulikuwa na ratiba, kulikuwa na mtihani wa kushindwa. Mtu wa Kivu alilala kitanda kimoja juu ya mtu wa Bandundu, na Kilingala cha jeshi pamoja na Kifaransa cha darasani viliwafanya waelewane. Wale waliosoma Brussels walirudi wakiwa maofisa wenye elimu ambayo nchi haikuwa nayo kabla.

Mobutu, sasa akiwa rais, aliwaogopa. Mwaka 1978 alitangaza kwamba kumegunduliwa njama ya kumpindua, ikihusishwa na Meja Kalume, na mwezi Machi watu kumi na watatu wakauawa. Maofisa wengi waliosoma nje, hasa Ubelgiji, walifukuzwa au kufungwa, na majimbo kama Kasai na Bandundu yakatazamwa kwa jicho la shaka. Mwaka huohuo vita vya pili vya Shaba vilionyesha jeshi lililobaki lilivyokuwa: askari wa Ufaransa na Ubelgiji walilazimika kushuka Kolwezi. Badala ya kuiimarisha shule moja ya taifa, rais aliwapa wageni tofauti vikosi tofauti. Wafaransa walifundisha Brigedi ya 31 ya miavuli, Wakorea Kaskazini Divisheni Kamanyola, Waisraeli walinzi wake mwenyewe, ile Divisheni Maalumu ya Rais. Maofisa wa jeshi moja walitoka katika mafundisho yasiyosikilizana, na ukubwa ulitegemea kijiji ulichotoka. Hata hivyo, mafunzo hayapotei kabisa. Jenerali Mahele Lieko Bokungu, aliyesomea Saint-Cyr, ndiye aliyetuliza uporaji wa Kinshasa mwaka 1991, na ndiye aliyejaribu kuepusha damu mjini humo Mei 1997. Wanajeshi wenzake wa upande wa Mobutu walimuua kwa kosa hilo.

Mwaka 1990, baada ya wanafunzi kuuawa katika chuo kikuu cha Lubumbashi, Ubelgiji ulikata ushirikiano wa kijeshi. Mwaka uliofuata askari wa miavuli wasiolipwa walianzisha uporaji mkubwa. Kananga ilibaki na majengo na jina. Kwetu, matokeo yalionekana upesi. Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, na vita vya Masisi vikafuata. Askari wa Zaire waliokuja walikuwa bila mshahara na bila ofisa wa kuwazuia. Walijilisha kwa mwananchi. Wazazi wetu walijifunza hapo kumficha mbuzi mara wanapoona kombati, na mazoea hayo hayajaisha.

Waasi wa AFDL walipoingia 1996, makadogo, yaani askari watoto, wa Masisi, Walikale na Bunyakiri walipewa bunduki kabla ya ndevu. Waliofika Kinshasa mwaka 1997 walirudi na vyeo ambavyo hakuna darasa lililovitoa. Kisha vita vya 1998, kisha Mkataba wa Jumla wa Desemba 2002, na jeshi jipya, FARDC, likaundwa kwa kuchanganya majeshi yaliyokuwa yakiuana. Mchanganyo huo uliitwa brassage. Kimojawapo cha vituo vyake kilikuwa Mushaki, hapa hapa Masisi. Vingine vilikuwa Rumangabo, Nyaleke, Luberizi. Mafunzo yalipangwa kwa siku arobaini na tano. Kila kundi lilikuja na orodha yake ya makanali na mameja, na orodha zikakubaliwa kwa sababu kukataa kulimaanisha vita. Mwaka 2007 brassage ikafuatwa na mixage ya watu wa jenerali mwasi Laurent Nkunda, na brigedi zake zikapewa herufi, Alpha hadi Echo. Desemba mwaka huohuo brigedi za serikali zilivunjika mbele ya Nkunda pale pale Mushaki, zikiwa na watu wengi na silaha nyingi kuliko adui. Nani angewashangaa? Kikosi kilikuwa na wakubwa, hakikuwa na uongozi.

Orodha hiyo ya vyeo vya mazungumzo ni ndefu. Bosco Ntaganda, aliyekulia Masisi, alipewa ujenerali akiwa katika kundi la waasi, akaingia jeshini na ujenerali huo baada ya makubaliano ya 2009, na mwaka 2019 mahakama ya The Hague ilimhukumu miaka thelathini. Walikale, Brigedi ya 85 iliyotokana na wapiganaji wa Mai-Mai wa Kanali Sammy Matumo ilikaa juu ya machimbo ya kasiteriti ya Bisie hadi 2009 bila hata kuchanganywa na wengine, ikitoza kodi kila gunia. Hapa Pinga tulimpata Ntabo Ntaberi Sheka, mfanyabiashara wa madini aliyejiita jenerali. Mwaka 2012 na 2013 mapigano ya NDC yake na APCLS ya Janvier Karairi yaliwakimbiza watu wa Pinga mara kwa mara. Akafuata Guidon Shimiray, aliyetoroka jeshi la serikali, akaanzisha NDC-Rénové, akatawala maeneo yetu kwa jetoni: kila mtu mzima alinunua kikaratasi cha mwezi, na asiyekuwa nacho alikiona cha moto. Julai 2020 naibu wake, Gilbert Bwira, alitangaza kumng'oa, na Pinga ikawa uwanja wa vita vyao. Sheka alijisalimisha 2017, na Novemba 2020 mahakama ya kijeshi mjini Goma ilimhukumu kifungo cha maisha. Mahakimu waliomhukumu walikuwa maofisa waliosomea kazi yao. Hilo lina uzito wake kwetu.

Turudi Kananga, maana shule haikufa. Umoja wa Ulaya ulituma ujumbe wake wa kijeshi, EUSEC, mwaka 2005. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuhesabu askari na kutenganisha mshahara na mkono wa kamanda, kwani makamanda walikuwa wakipokea fedha za askari wasiokuwepo. Kazi yake nyingine, hadi ilipoondoka 2016, ilikuwa kusaidia kuifufua akademia: majengo, wakufunzi, mitaala. Sheria ya Agosti 2011 kuhusu muundo wa jeshi, na ile ya Januari 2013 kuhusu hadhi ya mwanajeshi, zilirudisha kwenye maandishi kanuni kwamba uofisa huingiwa kwa masomo. Hata vita vya Kamwina Nsapu, vilivyofika hadi uwanja wa ndege wa Kananga Septemba 2016, havikuifunga njia hiyo tena.

Ofisa kijana hufundishwa nini? Mgeni hudhani ni kupiga risasi. Kupiga risasi hujifunza kila kuruta. Mwanafunzi ofisa hujifunza kusoma ramani na kuilinganisha na ardhi, jambo ambalo katika msitu wa Walikale ni tofauti ya kurudi na kutorudi. Hujifunza kuongoza platuni, watu wapatao thelathini: nani atangulie, nani alinde ubavu, majeruhi apitie wapi. Hujifunza kuandika ripoti fupi na ya kweli. Hujifunza hesabu ya chakula, kwa sababu platuni isiyo na mgao italala katika shamba la mihogo la mjane. Hulala macho, hutembea na mzigo, hukemewa mbele ya wenzake, mpaka ajue jinsi askari wake atakavyojisikia atakapomwamuru. Na hujifunza sheria: Kanuni ya Adhabu ya Kijeshi ya Novemba 2002, sheria za vita, na ibara ya 28 ya Katiba, isemayo kwamba hakuna anayelazimika kutekeleza amri iliyo haramu waziwazi. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko milima yote. Kumkatalia kanali kunahitaji mtu aliyejengwa miaka, si siku arobaini na tano.

Sisemi kwamba darasa pekee linatosha. Batalioni ya 391 ilifundishwa na Wamarekani huko Kisangani, na Novemba 2012 askari wake walikuwa miongoni mwa waliobaka wanawake Minova walipokimbia kutoka Goma. Askari walikuwa wamefundishwa. Mnyororo wa maofisa juu yao ulikatika siku ile. Mwaka mmoja baadaye, chini ya makamanda kama Jenerali Lucien Bahuma na Kanali Mamadou Ndala, jeshi hilohilo liliwashinda M23, na akina mama wa Goma walimshangilia Mamadou barabarani. Nchi ni ileile, askari ni walewale, mshahara ni uleule. Mbali na msaada wa ile brigedi ya Umoja wa Mataifa, kilichobadilika ni mkuu aliyekuwa mbele yao. Sijui hoja nyingine yenye nguvu kuliko hiyo ya kuithamini shule ya maofisa.

Leo hatari ya zamani imerudi. Kalembe, njia yetu ya kwenda Mweso, ilipiganiwa Oktoba 2024. Goma uliangukia mikononi mwa M23 Januari 2025. Vijana wengi wa Pinga wamejiunga na Wazalendo, wapiganaji wa kujitolea wanaopigana na M23, na tangu 2023 kuna sheria ya jeshi la akiba inayoweza kuwatambua. Wanalinda vijiji vyao na wengi wamekufa kwa ajili hiyo, nawaheshimu. Lakini siku ya mazungumzo itafika, na orodha za makanali zitaandikwa tena. Naiomba serikali isizipokee hivyo. Mpiganaji apewe shukrani, matibabu, ardhi, kazi, hata cheo cha askari akitaka kubaki. Nyota ya ofisa aifuate Kananga kama wengine.

Ibara ya 189 ya Katiba inataka jeshi lizingatie afya ya mwili, elimu ya kutosha, maadili yaliyothibitishwa na uwakilishi wa haki wa majimbo yote. Basi mtihani wa kuingia akademia usogezwe karibu nasi, ufanyike Beni na Kisangani maadamu Goma haufikiki, na vijana wa Walikale na Masisi wapewe nauli ya kuufikia. Nanyi wakuu wa shule za sekondari za Kisimba, Ikobo na Osso, mwenye diploma ya serikali na moyo wa kulinda watu mwambieni kwamba kuna shule inayotoa cheo ambacho hakuna jirani atakayekiogopa. Mwandikieni barua ya sifa, na mtume jina lake.